Gari Linalowaka Leo na Kugoma Kesho



Hitilafu ya gari iliyo dhahiri haina usumbufu mkubwa. Gurudumu likipasuka utaliona, na rejeta ikivuja utakuta maji chini asubuhi. Hitilafu inayotesa ni ile ya kuja na kuondoka. Gari linawaka Jumatatu kwa mguso mmoja wa ufunguo, Jumanne linakaa kimya kama jiwe, na Jumatano, mbele ya fundi, linawaka tena bila kulalamika. Fundi anakuangalia, nawe unamwangalia fundi, na mwisho wake mnakubaliana kubadilisha kitu fulani ili safari isiwe ya bure.

Kwetu sisi tunaoishi katika miji hii ya kaskazini ya Marekani, jambo hilo si dogo. Wengi wetu huingia kazini saa nne usiku au saa kumi na moja alfajiri, saa ambazo basi ama halipo kabisa ama hupita kwa nadra. Katika maghala na viwanda vingi, kuchelewa huandikwa kwa pointi, na pointi zikifika idadi iliyowekwa mtu huachishwa kazi, hata kama sababu yake ni gari. Hivyo nati moja iliyolegea juu ya betri yaweza kula kodi ya nyumba pamoja na ada ya shule iliyokuwa itumwe nyumbani. Ndiyo maana makala haya yanashikilia neno moja tu: usinunue kipuri kabla ya kupima, na upime wakati gari limegoma, si wakati limepona. Mgonjwa wa homa ya vipindi akifika zahanati homa imekwisha kushuka, mwuguzi akimgusa paji la uso haoni neno. Ni mgonjwa huyohuyo, lakini saa siyo.

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini umeme hucheza mchezo huu. Umeme wa gari hutoka katika betri, hufanya kazi uliyoutuma, kisha hurudi betrini. Ukikatika popote katika mzunguko huo, kazi haifanyiki. Njia ya kwenda ni waya. Njia ya kurudi, katika karibu magari yote, ni bodi na injini yenyewe, ambavyo vimeunganishwa na upande hasi wa betri kwa kebo nene ambayo mafundi huiita arthi. Watu hukumbuka njia ya kwenda na kusahau ya kurudi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Stata, au selfu kama waitavyo mafundi wengine, ni mlafi kuliko kifaa kingine chochote katika gari la petroli. Stata ya gari dogo huvuta ampea 100 hadi 200 inapogeuza injini, ilhali taa kubwa moja huvuta ampea 5 hivi. Sasa tuchukulie kwamba kutu imeingia katika kiungo cha kebo na kuongeza ukinzani wa omu 0.02, kiasi kidogo ambacho mita ya bei nafuu haiwezi hata kukionyesha. Kwa taa, ukinzani huo utapoteza volti 0.1, nayo itawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa stata inayovuta ampea 150, ukinzani uleule utapoteza volti 3, na injini haitageuka. Hapo ndipo mtu husema kwa uhakika mkubwa, "Betri ni nzima na nyaya ni nzima, mbona taa zinawaka!" Kuwaka kwa taa hakuthibitishi neno lolote juu ya stata.

Kiungo cha namna hiyo hakiwi kibovu siku zote. Chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Gari likipita juu ya reli au shimo, kebo hutikisika na kupata mguso mpya. Unyevu huingia na kukauka. Kwa hiyo gari hugoma asubuhi na kuwaka adhuhuri, na mwenye gari akashawishika kuamini kuwa limejitengeneza lenyewe. Magari hayajitengenezi.

Kabla ya kufungua boneti, sikiliza. Msomaji asiyejua hata jina la spana anaweza kulifanya hili, na huokoa nusu ya kazi. Je, injini inageuka kwa nguvu zake za kawaida lakini haishiki? Basi iache stata, wala usiulize habari ya betri. Tatizo liko katika mafuta, katika cheche za plagi, au katika kompyuta inayoviamuru. Je, unasikia mlio wa haraka wa ta-ta-ta-ta kama mvua juu ya bati? Hiyo karibu kila mara ni betri iliyoishiwa nguvu au terminali zake zilizolegea: solenoidi ya stata inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Je, ni mlio mmoja mzito, tak, kisha kimya? Amri imefika kwenye stata, lakini umeme mkubwa haukupita. Na kama hakuna mlio wowote, huenda amri yenyewe haikufika.

Katika hali hizi mbili za mwisho, washa taa ndogo ya ndani, ile ya darini, kisha geuza ufunguo huku ukiitazama. Nachagua taa hiyo kwa sababu magari mengi huzima taa kubwa yenyewe wakati wa kuwasha, nawe ungedanganyika. Taa ya ndani ikififia sana au kuzimika, umeme unahitajika lakini hautoshi: tazama betri na viungo vyake. Ikibaki inang'aa vilevile huku stata iko kimya, umeme mkubwa haukuondoka betrini. Tafuta mahali amri ilipokwama: swichi ya ufunguo, relei, gia, au stata yenyewe iliyokatika ndani.

Baada ya masikio huja mita. Mita ya umeme ya kidijitali yenye kutosha kwa kazi hii hupatikana kwa dola 20 au pungufu, nayo itadumu kuliko gari. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kabla ya yote, gia iwe P, breki ya mkono iwe imevutwa, na nguo inayoning'inia, iwe kanga, shali au kofia ya koti, ifungwe mbali na mikanda ya injini. Pete na bangili za chuma zivuliwe, kwani betri ya volti 12 haitakurusha, lakini spana au pete ikiunganisha chanya na chuma cha gari itakuunguza hadi kwenye mfupa. Wenye magari ya haibridi, kama Toyota Prius wanayoyapenda ndugu zetu wanaobeba abiria, waelewe kuwa kebo za rangi ya machungwa hubeba umeme wa kuua, na wasiziguse kamwe. Hata hivyo Prius ina betri yake ndogo ya volti 12 mbali na ile kubwa, na inapodhoofika gari hukataa kuamka na kuonyesha maonyo ya kutisha kwenye dashibodi. Watu wamekwisha kuambiwa wabadilishe betri kubwa ya maelfu ya dola kwa sababu ya ile ndogo.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Volti 12.2 maana yake imebaki nusu hivi, volti 12.0 au chini ni njaa. Lakini namba hiyo ya mapumziko si hukumu. Mzee aliyekaa kitini huonekana mzima hadi umpe gunia abebe. Mwombe mtu ageuze ufunguo nawe utazame mita: katika hali ya hewa ya wastani volti zisishuke chini ya 9.6 hivi injini inapogeuka. Zikianguka hadi 7 au 6, betri imechoka, au stata imekwama na kuvuta kupita kiasi. Zikibaki 12 na ushei huku gari limegoma, betri haina hatia. Injini ikisha kuwaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.8; hapo utajua alteneta inachaji, ingawa magari mapya yanayoongozwa na kompyuta hubadilisha kiwango hicho kwa makusudi.

Kipimo kinachofuata ndicho muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa zaidi. Tunapima volti zinazopotea njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, yaani ile risasi yenyewe, si kamba ya chuma iliyoifunga. Ncha ya pili iweke kwenye chuma kitupu cha injini. Ageuzaye ufunguo na ageuze. Njia ya kurudi ikiwa nzuri, mita haitapita volti 0.2 au 0.3. Kisha fanya hivyo kwa upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi skrubu kubwa ya stata, kama inafikika bila kuingia chini ya gari: volti 0.5 ndiyo mpaka. Mwisho, kati ya nguzo ya betri na terminali iliyoifunga, ambapo pasiwe na zaidi ya volti 0.1. Kila volti inayosomwa hapa ni volti iliyoibiwa kabla ya kufika kwenye stata. Namba ikiwa kubwa, mwizi yuko kati ya ncha zako mbili, wala si mahali pengine.

Nitaeleza kisa kimoja cha familia ya hapa kwetu, kwa idhini yao na bila majina. Baba wa nyumba hiyo, aliyekuwa akifanya kazi ya usiku, alikuwa na gari la miaka 14 lililogoma mara moja au mbili kwa wiki. Lilitoa ule mlio mmoja, tak. Jirani alipolibusti liliwaka papo hapo, kila mara. Kwa ushahidi huo akaambiwa ni betri, akanunua mpya kwa dola 160. Baada ya siku tisa likagoma. Likabustiwa, likawaka. Akaambiwa alteneta haichaji betri mpya, ikabadilishwa kwa dola 340. Wiki mbili baadaye likagoma, na sasa ikawa zamu ya stata, dola 310 pamoja na kazi ya kuifunga. Dola 810 zimeondoka, na hali ni ileile. Kazini alikuwa amebakiza pointi moja na nusu.

Lililomwokoa ni daftari la binti yake wa darasa la nane, aliyeanza kuandika kila mara gari lilipogoma: siku, saa, hali ya hewa, limesimama wapi. Mara sita kati ya saba ilikuwa asubuhi ya mvua au theluji iliyoyeyuka. Betri, alteneta na stata havijui kama mvua imenyesha kwa namna hiyo. Waya ulio wazi unajua. Asubuhi iliyofuata gari lilipogoma hawakulibusti. Walipima. Betri ilisoma volti 12.3 wakati ufunguo umegeuzwa, yaani haikuchoka hata kidogo. Kati ya nguzo ya hasi na injini mita ilisoma volti 7.4. Kebo ya arthi kwa nje ilikuwa nyeusi na safi; ilipochanwa ganda lake karibu na injini, ndani mlikuwa na unga wa kijani badala ya shaba. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ilikuwa imeingia kwenye ncha na kupanda taratibu. Kebo mpya iligharimu dola 18 na nusu saa ya kazi.

Na kwa nini gari liliwaka kila lilipobustiwa? Hili ndilo fundisho la kiufundi linalostahili kukatwa na kubandikwa ukutani. Jirani yule alikuwa akifunga kebo nyeusi kwenye chuma cha injini, kama inavyoelekezwa, si kwenye nguzo ya hasi ya betri mbovu. Kwa kufanya hivyo alikuwa akiupatia umeme njia mpya ya kurudi, akiruka kebo iliyooza. Kubusti kulifanikiwa kwa sababu ya waya, watu wakadhani ni kwa sababu ya betri. Kwa hiyo gari likiwaka kwa kubustiwa, usiseme "ni betri". Sema "ni betri au viungo vyake", kisha pima.

Si maana yangu kuwa jirani alikosea. Utaratibu wake ndio sahihi: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya gari zima, nyeusi kwenye hasi ya gari zima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche juu yake huweza kuipasua na kummwagia mtu asidi usoni.

Mlio mmoja wa tak una chanzo kingine kinachojulikana sana kwa wenye Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndani ya solenoidi ya stata zao mna vipande viwili vya shaba vinavyogongwa na sahani ndogo kila unapowasha gari. Baada ya miaka vipande hivyo huliwa, kwa kawaida kimoja zaidi ya kingine, na sahani hugusa mara moja na kukosa mara nyingine. Dalili yake ni hii: tak, tak, tak, unageuza ufunguo mara nane, ya tisa injini inageuka kwa nguvu zote kama kitu kipya. Stata inayogeuza kwa unyonge ina ugonjwa mwingine. Vipande hivyo vya shaba huuzwa peke yake kwa bei ndogo, na fundi mwenye subira atavibadilisha bila kukuuzia stata nzima. Muulize, wengine hawatakuambia wasipoulizwa.

Joto nalo lina magonjwa yake. Katika Honda nyingi za miaka ya 1980 na 1990, relei kuu inayopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta ilikuwa na risasi za kuunganishia zilizopasuka kwa nyufa nyembamba kama unywele. Gari liliachwa juani, ndani pakawa tanuru, nyufa zikafunguka. Injini ikageuka vizuri lakini haikushika. Mwenye gari alifungua madirisha, akasubiri dakika kumi, likawaka. Njia ya kulitambua ni kuweka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata na kusikiliza nyuma: pampu inapaswa kuvuma kwa sekunde mbili hivi, kisha inyamaze. Pasipo mvumo huo katika saa ya kugoma, umeme haufiki kwenye pampu au pampu imekufa. Magari hayo sasa ni wazee, lakini bado yamo barabarani na bado yanauzwa kwetu kwa dola elfu moja na maneno matamu. Sensa ya krenkishafti huugua vivyo hivyo katika magari ya aina nyingi: injini moto inazimika, inakataa kwa nusu saa, ikipoa inakubali.

Gari la gia za kujiendesha likiwa kimya kabisa, kanyaga breki, peleka gia kwenye N na ujaribu tena. Likiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, swichi inayozuia gari kuwaka likiwa ndani ya gia imechakaa au imesogea. Ni jaribio la sekunde tatu lisilo na gharama. Tazama pia taa ndogo ya kufuli au ufunguo kwenye dashibodi. Ikimetameta wakati gari limegoma, huenda mfumo wa kuzuia wizi haukuutambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa pili kabla hujamwita mtu.

Yako malalamiko mengine, ya gari kuwaka vizuri kila siku isipokuwa baada ya kulala siku mbili tatu. Hapo kuna kitu kinachonyonya usiku. Magari yaliyolala huruhusiwa kunyonya kidogo kwa ajili ya saa na kumbukumbu za kompyuta, kwa kawaida si zaidi ya miliampea 50. Redio iliyofungwa na rafiki, kengele ya wizi, au taa ya buti isiyozimika huweza kunyonya miliampea 500, ambazo kwa siku tatu ni ampea-saa 36, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 60. Kupima, fungua kebo ya hasi na uiweke mita katikati, kwenye tundu lake la ampea 10, halafu usubiri dakika 30 hadi 60 mpaka kompyuta zote zilale. Usipige stata wakati huo, utaiunguza mita. Kisha chomoa fyuzi moja moja; ile ambayo namba itashuka baada ya kuichomoa ndiyo yenye mnyonyaji. Anayepima dakika ya kwanza ataona namba kubwa na kumshtaki asiye na kosa.

Juu ya baridi sitasema mengi, kwani kila aliyepitisha Januari moja hapa ni profesa. Nitataja tu kwamba kwenye nyuzi 0 za Farenhaiti, yaani 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, betri hupoteza nusu au zaidi ya nguvu zake wakati ambapo oili imeganda na injini inataka nguvu nyingi zaidi. Betri nyingi zinazokufa Januari ziliuawa na joto la Julai. Iliyopita miaka minne ipimwe Oktoba. Maduka makubwa ya vipuri kama AutoZone na O'Reilly hupima betri na alteneta bila malipo, huduma nzuri, ila ukumbuke wanapima gari lililofika pale likiwa linawaka.

Tuje kwa fundi. Katika nyumba nyingi mkalimani wa gereji ni mtoto wa miaka kumi na mbili, aliyekatizwa masomo kwenda kueleza kwa Kiingereza jambo ambalo baba yake analijua kwa Kiswahili naye halijui kwa lugha yoyote. Mtoto anasema, "Gari haliwaki," na fundi anasikia, "Niuzie kitu." Badala yake mpe fundi karatasi yenye namba. Siku na saa lilipogoma, moto au baridi, mvua au kavu, mlio gani, volti za betri wakati ufunguo umegeuzwa, volti zilizopotea upande wa hasi. Namba hazihitaji mkalimani, na fundi mwaminifu atafurahi kuziona. Mwachie gari usiku kucha ikiwa hugoma asubuhi, ili yeye mwenyewe aliwashe la kwanza. Omba makadirio kwa maandishi kabla ya kazi, omba kipimo kilichoonyesha kuwa kipuri ni kibovu, na omba urudishiwe kipuri cha zamani. Akikujibu kwamba mashine imesoma kodi, jibu hilo halitoshi. Magari yote madogo yaliyouzwa Marekani tangu modeli ya mwaka 1996 yana tundu la kusomea kodi, na kodi hutaja mzunguko wenye shida. Haisemi kama kilichokufa ni sensa, waya wake au plagi ya waya huo. Maduka mengi hayapokei tena kipuri cha umeme kilichokwisha kufungwa, hivyo kubahatisha ni kwa gharama yako peke yako.

Limebaki suala la swichi ya ufunguo, ambalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia, kwani hugusa uhai. Swichi iliyochakaa huweza kukata umeme gari likiwa mwendoni. Ukitikisa ufunguo taratibu huku gari limesimama, injini inaunguruma, na taa za dashibodi zikaruka au injini ikazima, usiliendeshe tena mpaka itengenezwe. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita magari madogo yapatayo milioni 2.6, yakiwamo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa sababu swichi zake ziliweza kujirudisha nyuma kwa uzito wa kishada cha funguo au mtikisiko wa barabara. Injini ilizima na mifuko ya hewa haikufunguka ajali ilipotokea. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Baadhi ya magari hayo bado yanabadilishana mikono kwa bei ya chini, na wanunuzi wa bei ya chini ni sisi.

Kwa hiyo ichukue namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, iliyoandikwa chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize katika ukurasa wa NHTSA, idara ya serikali inayosimamia usalama wa barabarani. Utaona kama gari lako limeitwa na halijatengenezwa. Matengenezo ya namna hiyo hufanywa na wakala wa kampuni bila malipo hata kama wewe ni mmiliki wa nne, ilimradi gari halikuwa limepita miaka 15 tangu kuuzwa mara ya kwanza wakati tangazo lilipotolewa. Asiye na kompyuta akaombe msaada maktaba ya mtaa. Ni kazi ya dakika mbili. Na wakati huo wote, ufunguo wa gari utembee peke yake, usifungwe na wa nyumba, wa kazini na kufuli la kabati.